Je, watoto waje kwenye kumbukumbu?

(Hotuba iliyosomwa Gahanga, Wilaya ya Kicukiro, Kigali, mbele ya wazazi na vijana wa kambi yetu, siku walipotembelea mahali pa kumbukumbu pa Nyanza. Msemaji ni mwalimu anayeishi Gahanga, naye ni mkimbizi kama sisi. Kamati imeichapa kwa ajili ya wote waliobaki kambini.)

  Poleni na yale mliyoyaona asubuhi ya leo.

Kamati iliponiandikia haikuniomba maneno ya jumla juu ya vijana. Iliniuliza swali moja, nami ninaishukuru, kwa sababu ni swali la kweli na lina ugomvi ndani yake. Mwaka uliopita, siku ya kumbukumbu kambini, wakati majina ya marehemu yanasomwa, wasichana wawili wa shule walianguka wakapiga mayowe, na mvulana mmoja akakimbia mpaka bondeni, akapatikana usiku. Hata mmoja wao hakuwa amezaliwa wakati wa Mudende. Baada ya hapo maneno yakawa mengi. Wazazi wengine walisema mwaka huu watoto wafungiwe nyumbani. Wengine walijibu: wasipokuja, sisi tukishaondoka nani atawataja watu wetu? Na wako waliosema ni mapepo, watoto wapelekwe kwenye maombi yaishe. Basi swali ndilo hilo: watoto waje, au wasije?

Sipendi kuwazungusha. Jibu langu ni kwamba waje, lakini wasije kama walivyokuja mwaka jana. Sasa nipeni muda nieleze kwa nini.

Kwanza, kwa faida ya vijana. Mudende ilikuwa kambi ya wakimbizi Wakongomani kaskazini magharibi mwa Rwanda, upande wa Gisenyi. Watu wetu waliokimbia Masisi na Rutshuru walifika pale wakidhani wameponea. Mwaka 1997 kambi ile ilishambuliwa mwezi Agosti, kisha ikashambuliwa tena mwezi Desemba, wakauawa mamia ya watu, wakiwemo akina mama na watoto wachanga. Waliobaki walihamishiwa Gihembe, karibu na Byumba. Gihembe nayo ilifungwa mwaka 2021, watu wakapelekwa Mahama. Nayasema haya taratibu kwa sababu nina hakika wako vijana hapa ambao leo ndiyo mara yao ya kwanza kuyasikia yakisemwa kwa mpangilio, mwanzo mpaka mwisho, na mtu asiyelia. Wamesikia vipande tu. Hilo nitalirudia, maana ndilo kiini cha jibu langu.

Asubuhi mlisimama pale Nyanza. Mlielezwa kwamba Aprili 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza, zaidi ya watu 2,000 walikimbilia shule ya ufundi ya ETO hapa Kicukiro, kwa sababu palikuwa na askari Wabelgiji wa Umoja wa Mataifa. Tarehe 11 Aprili askari wale walifunga mizigo wakaondoka. Watu waliachwa, wakaswagwa barabarani mpaka kilima kile cha Nyanza, wakauawa. Waliookoka walikuwa wachache, na baadhi yao walikuwa watoto. Kila mwaka tarehe hiyo watu wa Kicukiro hufanya safari ya miguu kutoka pale ilipokuwa ETO mpaka Nyanza. Hapa Gahanga pia tuna mahali petu pa kumbukumbu, si mbali na hapa tulipokaa. Mtu wa Gahanga hawezi kwenda sokoni wala kupanda gari la Nyamata asipite karibu na wafu. Nasema hivi mjue kwamba majirani zangu wamekuwa na miaka mingi ya kujifunza hili linalowasumbua ninyi. Mengi nitakayoyasema nimejifunza kwao.

Wanyarwanda wana neno lao, na wengi wenu mnalijua: ihahamuka. Linamwelezea mtu aliyeishiwa pumzi kwa hofu, kana kwamba mapafu yamemtoka. Mimi naliona ni neno bora kuliko maneno mengi ya vitabuni, kwa sababu linataja mwili. Sisi kwa Kiswahili husema kiwewe. Kiwewe si wazimu, na wala si ukosefu wa imani. Mwili wa mtu una kengele yake ya hatari. Aliyekoswa na kifo kengele ile hubaki imelegea: harufu ya moshi, ngurumo ya radi juu ya mabati, wimbo fulani, panga linalonolewa kwa jirani, basi inalia kana kwamba ni leo. Moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, macho yanaona yale ya zamani badala ya haya yaliyopo. Huyo hamwigizii mtu. Yuko kule kweli.

Mwaka 1995, miezi kama 13 baada ya mauaji kuanza, watafiti waliwahoji watoto na vijana 3,030 wa Rwanda, wa miaka 8 mpaka 19. Watoto 9 katika kila 10 walisema waliamini kabisa kwamba watakufa. Asilimia 15 walikuwa wamejificha chini ya maiti ili wapone. Sitaki kuendelea na hesabu za namna hiyo, zinatosha. Ila kuna jambo moja katika uchunguzi ule ambalo watu hulipita haraka, nami naomba tulitulie. Waliwalinganisha watoto waliokuwa wanalelewa katika vituo na wale waliokuwa wanaishi majumbani na watu. Wale wa vituoni walikuwa wameona mabaya zaidi. Lakini dalili za kiwewe kwao zilikuwa pungufu.

Kwa nini iwe hivyo? Kila mtu na maelezo yake. Mimi ni mwalimu, na maelezo yangu ni ya mwalimu. Katika kituo mtoto anaamka saa ile ile, anakula saa ile ile, amelala kati ya watoto waliopata yale yale aliyoyapata yeye, hakuna anayemshangaa. Na mkubwa aliyepo pale amekuja kwa kazi ya kumtazama. Majumbani kulikuwa na shangazi aliyefiwa na watoto wake wote, ambaye akimtazama huyu yatima anawaona wake. Nyumba imejaa vilio ambavyo havisemwi. Sisemi tuwapeleke watoto wetu vituoni, hata kidogo. Nasema kwamba kilichomsaidia mtoto si kwamba aliona machache, bali ni nani yuko pembeni yake na siku yake inakwendaje.

Haya, tuje kwa hawa wasichana wawili na huyu mvulana. Wazazi wengi mmeniuliza leo njiani: mtoto hakuwepo, amepata wapi kiwewe? Uko utafiti uliochapishwa mwaka 2014 juu ya akina mama waliokuwa wajawazito wakati wa mauaji ya 1994, na watoto wao. Walikuta alama katika damu, kwa mama na kwa mtoto pia, katika mambo ya mwili yanayohusu kustahimili hofu. Lakini waliopimwa walikuwa wachache, na mimi si daktari, kwa hiyo sitaki mtu arudi kambini akisema mwalimu wa Gahanga amesema kiwewe kinarithiwa kama rangi ya macho. Tusitafute mbali kilicho karibu. Mtoto analala chumba kimoja na mama anayepiga kelele usingizini. Anauliza, anaambiwa nyamaza, lala. Anamwona baba anaondoka kila wanapokuja wageni wa mahali fulani. Anajua kuna jina ambalo bibi halitamki. Anaona picha ya mtu ukutani na hajaambiwa ni nani. Mtoto ana akili. Asipopewa habari atajitengenezea, na anayoitengeneza mara nyingi inatisha kuliko ile ya kweli. Kisha siku moja mnamkalisha kwenye turubai pamoja na watu elfu, kipaza sauti kinatetemesha kifua, na kwa mara ya kwanza anasikia jina la ukoo wake likisomwa mara tisa mfululizo. Mlitegemea afanye nini?

Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Tuliwanyamazia kwa upendo, hilo nalijua. Hakuna mzazi anayependa kumtwisha mwanawe mzigo. Lakini mzigo ule tayari anao, ila hajui ndani mna nini.

Siku hizi kuna jambo jingine ambalo wazee hamlioni. Simu. Tangu vita iliporudi Kivu Kaskazini mwishoni mwa mwaka 2021, mpaka Goma ilipotekwa mwezi Januari 2025, vijana wetu wamekuwa wakitumiana picha za maiti usiku chini ya blanketi. Mzazi anasema, mwanangu hajui vita. Mwanao ameona watu wakiuawa mara nyingi kuliko wewe uliyekuwepo, na ameona peke yake, bila mtu wa kumshika mkono. Wako na wageni wapya waliofika kupitia Nkamira, watoto wenzao wa darasani, wenye habari mbichi. Kwa hiyo anayedhani akimfungia mtoto nyumbani siku ya kumbukumbu amemkinga, amefunga mlango na kuacha dirisha wazi.

Ndiyo maana nasema waje. Sasa waje vipi?

Wasisikie kwa mara ya kwanza pale. Hili nalitanguliza, na kama mtasahau mengine yote basi hili mlishike. Kabla ya siku ile, nyumbani, mchana, si usiku kabla ya kulala, mama au baba au bibi amkalishe mtoto amweleze. Maneno machache. Tulikuwa tunaishi mahali fulani, tulikuwa na ng'ombe kadhaa, babu yako aliitwa fulani na alipenda utani, watu walikuja, tulikimbia, fulani na fulani walifariki, mimi nilipona, wewe ulizaliwa. Si lazima kueleza walivyokufa. Mtoto wa miaka saba apewe ya miaka saba, na wa kumi na tano akiuliza zaidi apewe zaidi. Tena msianze na kifo. Ninawaona wazazi wengi wanaojua kueleza siku ya mauaji saa kwa saa, lakini hawajawahi kumwambia mtoto babu yake alikuwa anachekesha. Mtoto huyo anawapokea jamaa zake kama maiti tu, hajawahi kuwapokea kama watu.

Mzazi asiyeweza, na wako wasioweza, asijilazimishe. Amtafute mtu wa ukoo au jirani wa siku nyingi aseme badala yake, yeye akiwa amekaa pale pale. Mtoto aone kwamba mama analia na baada ya kulia anakwenda kupika. Hilo peke yake ni somo kubwa.

Siku yenyewe, mtoto asikae na kundi la shule peke yao. Akae na mtu wake. Vijana wa Rwanda walionusurika walilifahamu hili mapema. Mwaka 1996 wanafunzi wachache wa Chuo Kikuu cha Butare walianzisha chama kiitwacho AERG, na jambo walilolifanya linaweza kumchekesha mtu asiyejua: waligawana familia. Wanafunzi kadhaa wasio na wazazi wanakuwa familia moja, wanachagua miongoni mwao baba na mama, huenda huyo mama ana miaka 20 tu. Mama yule anauliza, umekula? mtihani umekwendaje? Mmoja akiugua, familia inakwenda hospitali. Siku ya kumbukumbu wanajua nani wao ni dhaifu, wanakaa naye. Hawakungoja mtaalamu atoke ng'ambo. Ninyi vijana wa kambi, haya mnayaweza bila barua ya ruhusa.

Akitokea mtu wa kuanguka, nimeona mnachofanya na naomba mkiache. Wanaume wanne wanamkamata, mmoja miguu, mmoja mikono, wanambeba huku anapiga mayowe. Fikirini: mtu ambaye mwili wake unamwambia anakamatwa auawe, nanyi mnamkamata. Mtu mmoja au wawili wanatosha, ikiwezekana anayewajua, na msichana ashikwe na wanawake. Mpelekeni pembeni penye kivuli na kimya, mbali na kipaza sauti. Mwiteni kwa jina lake. Mwambieni leo ni siku gani, tuko wapi, mimi ni nani. Avute pumzi polepole pamoja nanyi. Maji ya kunywa, kitenge cha kujifunika. Msimuulize anaona nini, na msimkatishe akitaka kusema. Msimpige makofi wala kummwagia maji. Wanaotaka kumwombea na waombe, sala haijamdhuru mtu, ila waombe kwa sauti ya chini, na asifungwe kamba wala kunyimwa chakula kwa jina la maombi. Hayo yamewahi kutendeka mahali, na kila mmoja wenu anajua habari moja ya namna hiyo.

Na usiku ule msimwache alale peke yake.

Lakini sasa niwaambie jambo ambalo linanitia hofu kuliko mayowe. Anayepiga mayowe mmemwona. Katika darasa langu namtazama zaidi yule aliyekaa kimya mno, aliyekuwa wa tatu katika mtihani sasa ni wa thelathini, anayelala mezani kwa sababu usiku hakulala. Mvulana aliyeanza pombe ya magendo akiwa na miaka kumi na minne mnasema ameharibika, ana tabia ya mjini. Msichana anayekubali mwanamume yeyote anayemwahidi pa kulala mnamtukana. Kijana anayepigana kwa neno dogo mnampeleka polisi. Huyo hasikii vizuri maneno yenu wakati kengele inalia ndani yake. Sisemi asirudi njiani, wala sisemi kila mlevi ana kiwewe. Wako wakorofi tu, nawafundisha. Nasema kabla ya kuhukumu, mzazi aulize swali moja: mtoto huyu alianza lini kubadilika, na wakati ule kulitokea nini? Mara nyingi jibu lipo, na huwa si mbali.

Kuna kundi moja sitaki kulipita, ingawa najua wazee wengine watainamisha vichwa. Wako vijana waliozaliwa kwa sababu mama zao walibakwa vitani. Hapa Rwanda waliozaliwa hivyo baada ya 1994 ni maelfu, na kwetu Kivu hali haijakoma tangu miaka ile ya 1990. Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, Bukavu, alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2018 kwa kazi ya kuwatibu akina mama hao. Watoto wao wanakaa nasi. Siku ya kumbukumbu wao wakae upande gani? Jina la baba kwenye fomu ya shule waandike nini? Mwalimu akimwita kijana mbele ya darasa amuulize jina la baba yake, amemfungua kidonda mbele ya watu arobaini. Naiomba kamati iseme na walimu wa kambi juu ya fomu ile: iandikwe mzazi au mlezi, basi. Ni kazi ya dakika kumi.

Mchana huu mtapelekwa kuuona uwanja wa kriketi wa Gahanga, lile jengo lenye matao ya vigae vya udongo wa hapa hapa Rwanda, yaliyojengwa kufuata mdundo wa mpira unaoruka. Ulifunguliwa mwezi Oktoba 2017. Kusema kweli, mchezo wenyewe mimi bado unanishinda, mtu anasimama juani saa nzima akingoja mpira usiokuja. Lakini habari yake ni nzuri. Mchezo huo ulikuja Rwanda na watu waliorudi kutoka uhamishoni Uganda na Kenya baada ya 1994, watu waliokuwa wakimbizi kama sisi. Kwa miaka mingi uwanja wao wa kuchezea ulikuwa pale pale ETO, mlipoelezwa asubuhi. Vijana walikimbiza mpira kwenye nyasi ambazo watu waliachwa juu yake wafe. Baadaye wakaanza kutafuta fedha za kujenga uwanja wa heshima. Mwezi Mei 2016 nahodha wa timu ya taifa, Eric Dusingizimana, alisimama akipiga mipira kwa saa 51 ili fedha zipatikane. Na mwezi Januari 2023 wasichana wa Rwanda wa chini ya miaka 19 walikwenda Afrika Kusini kwenye Kombe la Dunia la kwanza la umri wao, wakawafunga Zimbabwe, kisha wakawafunga West Indies.

Sitaki mtu adhani mpira unaponya. Hauponyi. Lakini kijana anayejua kwamba kesho saa tisa kuna watu kumi wanaomngoja, na asipokwenda watakuja kumgongea mlango, huyo ana kitu cha kumshikilia. Ni kile kile cha watoto wa vituoni mwaka 1995. Kambini kwaya inafanya kazi hiyo, ngoma inafanya, timu ya mpira wa miguu inafanya, hata darasa la kushona. Kwa hiyo ninaposikia kwamba msaada umepungua na la kwanza kufutwa ni shughuli za vijana kwa kuwa eti ni starehe, nasikitika. Mpira mmoja na mwalimu mmoja mwaminifu wa kwaya si starehe.

Wale ambao haya hayatoshi wapo, na wanahitaji tiba. Katika Rwanda yote, hesabu za Wizara ya Afya za mwaka 2018 zilionyesha kwamba kiwewe cha kudumu kilikuwa kwa asilimia 3.6 ya watu kwa jumla, lakini kwa walionusurika mauaji ya kimbari kilikuwa kwa asilimia 27.9. Hiyo ni miaka 24 baadaye. Basi anayemwambia mtoto wa mwaka jana au juzi "sahau" ana haraka isiyo ya kawaida. Kituo cha afya cha kambi kina wajibu wa kumpokea mgonjwa wa namna hii kama kinavyompokea wa malaria, na kikishindwa kimpeleke mbele. Hospitali ya Ndera hapa Kigali inatibu magonjwa ya akili, na kwenda Ndera si aibu, ingawa jina lake watu huligeuza tusi. Msichana au mvulana aliyetendewa ukatili wa kimwili apelekwe kituo cha Isange, cha kwanza kilianzishwa mwaka 2009 kwenye hospitali ya polisi ya Kacyiru. Huduma ni bure. Apelekwe siku ile ile, kabla ya kuoga na kabla ya wazee kukaa kikao cha kupatana.

Kwa kamati nina ombi moja. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, wakimbizi wenyewe walipewa mafunzo ya wiki chache, wala hawakuwa madaktari, kisha wakawahudumia wenzao Wanyarwanda na Wasomali wenye kiwewe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Waliochunguzwa walikuwa 277. Miongoni mwa waliohudumiwa, karibu 7 katika kila 10 hawakuwa tena na ugonjwa ule walipopimwa baadaye. Miongoni mwa walioangaliwa tu bila kuhudumiwa, walikuwa chini ya 4. Na kule Byumba, tangu 2005, uko utaratibu uitwao Mvura Nkuvure, maana yake nitibu nami nikutibu: watu kumi mpaka kumi na watano wanakaa pamoja mara moja kwa juma, majuma kumi na matano, wakiongozwa na wenzao wawili. Umeingia hata katika kambi za Wakongomani. Ninyi mliotoka Gihembe wako kati yenu walioupitia. Watafuteni. Msianze upya kwa kungoja barua ya mfadhili wakati mwalimu wenu yuko mstari wa tatu wa nyumba.

Ndugu Mwenyekiti ananionyesha saa. Naona basi linapaswa kuondoka saa kumi ili mfike kabla ya giza, na vijana wanataka uwanja wao. Kabla ya kupanda, naomba lifanyike jambo moja: kila kijana achague mtu wa kukaa naye njiani na wa kulala karibu naye usiku wa leo, na wajumbe waandike majina hayo mawili mawili. Msichana aliyevaa sweta ya kijani amekuwa kimya tangu Nyanza. Mama mmoja aende akae naye sasa hivi, bila kumuuliza kitu. Wenye maswali, niko hapa mlangoni.